Kozi ya Watu Gani, Kazi ya Watu Gani?

Maneno yangu nayaelekeza hasa kwenu mnaofunga vibanda vya soko la Kibuye hapa Kisumu saa hii, huku redio ikisema nanyi juu ya meza ya bidhaa. Mazungumzo yetu ya leo yanawahusu watoto wetu walio vyuo vikuu, na namna wanavyoichagua kazi watakayoifanya maishani. Au niulize waziwazi: je, ni kweli wanaichagua? Maana wengi wao, kabla hawajaonana na mwajiri hata mmoja, wamekwisha kuambiwa ni kazi zipi zinawafaa watu wa jinsia yao, watu wa kabila lao, watu wa mfuko mdogo kama wao, watu wenye mwili kama wao. Ninalileta jambo hili kwenu, wala sitaki liachiwe wakuu wa vyuo peke yao, kwa sababu ninyi ndio mnaolipa karo. Wanafunzi wengi wa eneo hili husomeshwa na mitumba, omena, sukuma wiki na viti vya mbao vinavyouzwa Kibuye, na mwenye kulipa ana haki ya kujua kama mwanawe anakipata kile alicholipiwa.

Tuanze na maneno yenyewe, maana tunayasema kila siku bila kuyapima. Uhandisi ni wa wanaume. Uuguzi ni wa wanawake. Mjaluo ni mtu wa vitabu na siasa, biashara mwachie Mkikuyu. Mluhya mweke jikoni au langoni, Mkamba mpe bunduki, Mhindi mpe duka. Asiyeona asomee ualimu, basi. Mtoto wa maskini asijisumbue na urubani, achukue kozi fupi arudi kusaidia nyumbani. Nani kati yetu hajawahi kuyasikia? Na nani hajawahi kuyasema? Maneno haya hufanya kazi mbili. Ya kwanza mnaijua: humfanya mwajiri amkatae mtu anayefaa. Hiyo tunaiita ubaguzi, nasi tunaikemea. Ya pili haionekani, nayo ndiyo ninayotaka tuitazame jioni hii: humfanya mwanafunzi ajiondoe mwenyewe. Msichana hakuomba nafasi ya uhandisi wa mitambo, kwa hiyo hakuna aliyemnyima. Kijana hakutuma barua Nakuru wala Mombasa, kwa hiyo hakuna kampuni iliyomkataa. Mwisho wa mwaka mwajiri atasema kwa moyo mweupe kwamba hakumbagua mtu, na atakuwa anasema kweli, maana aliyetarajia kubaguliwa hakuja. Nalirudia, msikilizaji, kwa sababu hoja yangu yote imesimama hapo: ubaguzi mkubwa zaidi katika kupanga kazi ni ule usio na mshtakiwa. Na kama hauna mshtakiwa, hautakwisha kwa kuwakemea waajiri tu, wala hautakwisha kwa kuwaambia wanafunzi wajiamini tu.

Sasa, dhana hizi zilitoka wapi? Wengi wetu huzichukulia kama mambo ya damu, kana kwamba mtu huzaliwa na kazi yake. Historia inasema vingine. Serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiandikisha askari wa King's African Rifles, maofisa wake waliamini kuna makabila ya vita na makabila yasiyo ya vita, wakawachukua kwa wingi Wakamba na Wakalenjin. Watu wa Nyanza walipelekwa kwenye reli, iliyofika hapa Kisumu mwezi wa Desemba 1901, kwenye bandari ya Mombasa na kwenye mashamba ya chai ya Kericho. Kuanzia mwaka 1920 mwanamume Mwafrika alitembea na kipande, na ndani yake mliandikwa mwajiri wake na mshahara wake, wala hakuweza kuacha kazi bila sahihi ya tajiri wake. Mishahara nayo ilipangwa kwa rangi. Mwaka 1948 tume ya Holmes iliafiki kwamba mtumishi wa serikali asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya mshahara wa Mzungu, kwa kazi ileile. Utaratibu huo haukuondolewa mpaka ilipokuja tume ya Lidbury mwaka 1954. Hebu ifikirieni hesabu hiyo: watu wawili wamekaa meza mbili zilizokaribiana, wameandika barua zilezile, na mmoja wao anaambiwa kwamba kazi yake ni pungufu kwa sababu ya ngozi. Baada ya miaka hamsini ya mpango wa namna hiyo, mtu aliyekuta Wajaluo wengi relini na Wakamba wengi jeshini aliona kana kwamba Mungu ndiye aliyewagawia. Waligawiwa na maofisa, kwa kalamu. Sisi tukairithi orodha yao, tukaiita tabia ya watu.

Hapa kwetu wako walioikataa orodha hiyo mapema. Jaramogi Oginga Odinga, ambaye chuo kikuu cha Bondo kina jina lake, alisoma Makerere akawa mwalimu Maseno. Kwa dhana za wakati ule alikuwa amefika: Mjaluo msomi, mwenye kazi ya kalamu. Akaiacha, akaingia biashara. Mwaka 1947 kampuni yake na wenzake, Luo Thrift and Trading Corporation, ilisajiliwa. Iliuza hisa kwa watu wa kawaida na kufanya biashara hapa Kisumu, mji ambao maduka makubwa yalikuwa ya Wahindi. Kampuni hiyo ilipata misukosuko mingi, sifichi. Lakini anayesema leo kwamba Mjaluo hana kichwa cha biashara alikwisha kujibiwa zaidi ya miaka sabini iliyopita, na akitaka jibu la sasa, atembee Kibuye siku ya Jumapili. Mwangalieni pia Grace Onyango. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1965 akawa meya wa Kisumu, mwanamke Mwafrika wa kwanza kushika cheo hicho nchini, na mwaka 1969 watu wa Kisumu wakampeleka Bungeni, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mbunge wa Kenya. Wakati huo hakukuwa na kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia wala viti vya mwakilishi wa wanawake. Walimpigia kura wanaume na wanawake wa mji huu huu.

Lakini mtaniambia, na mko sawa kuniambia, kwamba watu mashuhuri hawatoshi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akisikia habari za Grace Onyango anaweza kusema, yule alikuwa mtu wa pekee, mimi ni wa kawaida. Mfano wa mtu mmoja mkubwa unaweza hata kumvunja moyo mtu mdogo. Ndiyo maana ushahidi ninaoupenda zaidi katika jambo hili hautoki kwa mashujaa, unatoka vijijini India. Mwaka 1993 nchi ile iliamua kwamba thuluthi moja ya viti vya wakuu wa mabaraza ya vijiji iwe ya wanawake, na vijiji vikawa vinabadilishana zamu kwa bahati nasibu. Watafiti walikwenda Bengali Magharibi kulinganisha vijiji vilivyopata mkuu mwanamke na visivyopata. Kijiji kilichoongozwa na mwanamke mara moja hakikubadilika sana. Kilichoongozwa na wanawake mara mbili mfululizo, wazazi walianza kuwawekea mabinti matumaini yaliyokaribia ya wana wao wa kiume. Pengo lilipungua kwa kama robo. Mabinti wenyewe nao wakaanza kutaka kusoma zaidi na kuolewa baadaye. Hakukuwa na hotuba iliyowageuza. Waliona mwanamke akifanya kazi ile, wakamwona tena, na ikaacha kuwa ajabu. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anahitaji kuwaona watu wa kawaida, na wawe wengi: fundi wa mitambo wa kike pale bandarini, muuguzi wa kiume katika wadi ya wazazi, mwanasheria anayetembelea kiti cha magurudumu, mhasibu kutoka Busia aliyeajiriwa Nyeri na anayelala salama.

Sasa tuje mahali ambapo, kwa maoni yangu, jambo hili linaamuliwa. Si siku ya mahafali wala siku ya usaili. Ni katika ile miezi michache ya mafunzo ya kazini, ambayo wanafunzi wanaiita atachimenti. Wazazi wengi hawaijui vizuri, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mwanafunzi anapofika mwaka wa tatu, au wa nne katika kozi nyingine, chuo humpa barua, kitabu cha kuandikia kazi za kila siku, na bima. Kisha humwambia: nenda katafute mahali. Anayetafuta ni yeye. Mwenye mjomba katika kampuni anapata ndani ya siku mbili. Asiye na mjomba anazunguka na bahasha yake kutoka ofisi hadi ofisi, akiambiwa aiache kwa mlinzi. Je, mjomba huyo ni wa kabila gani? Wa kabila la mpwa wake, bila shaka. Na yuko ngazi gani ya maisha? Ile ambayo mama mwenye meza ya nyanya hana ndugu aliyeifikia. Hakuna mtu aliyekaa chini kupanga ubaguzi. Kila mmoja amemsaidia mtoto wa ndugu yake, jambo ambalo sote tungelifanya, na mwisho wa siku nafasi zote zimekwenda kwa watu walewale. Zaidi ya hapo, miezi hiyo kwa kawaida haina malipo. Asiye na nauli ya kwenda Nairobi na kodi ya chumba huko hawezi kuichukua hata akipewa.

Tuseme basi amepata. Msichana anayesomea sayansi ya uvuvi amepokewa. Wanaume wanakwenda ziwani na mashua kupima maji na kuhesabu samaki, yeye anaambiwa abaki ofisini kunakili karatasi, kwa sababu mashua si mahali pa mwanamke. Anayesomea uhandisi wa ujenzi anaambiwa apike chai ya wahandisi. Mwenye ulemavu wa miguu amewekwa mapokezini ingawa kozi yake ni ya kompyuta, na kompyuta haiulizi miguu. Miezi mitatu inakwisha. Kile kitabu chake kimejaa mambo yasiyo ya fani yake. Anahitimu, anaenda usaili, na anaulizwa: umewahi kufanya nini kwa mikono yako? Hana la kujibu. Mwajiri anaandika, hana uzoefu, na safari hii ni kweli hana. Mnaona jinsi dhana inavyojitengenezea ushahidi wake? Ilianza kama uvumi kwamba wasichana hawaiwezi kazi, ikamnyima nafasi ya kujifunza, kisha ikaleta msichana asiyeiweza kazi na kusema, tuliwaambia. Na hapa ziwani kwetu tunajua mashua si ya wanaume kwa asili. Kuanzia mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru walianza kumiliki mashua zao wenyewe. Walikuwa wamechoka na jaboya, ule mtindo wa mvuvi kudai mwili wa mwanamke kabla ya kumuuzia samaki. Mafuriko ya mwaka 2020 yaliwaharibia sana. Lakini ni maji yaliyowaharibia, haikuwa kwamba mwanamke hawezi kuwa na mashua.

Nasikia pingamizi la kwanza. Wapo watakaosema: haya yote ni visingizio, mwenye sifa atapata kazi, asiye na sifa asilalamike. Ningependa sana iwe hivyo. Lakini pale ilipopimwa, haikuwa hivyo. Marekani, wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maelfu ya maombi ya kazi yenye sifa zinazolingana, yakitofautiana jina tu: mengine yalikuwa na majina yanayosikika ya Wazungu, mengine ya Weusi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2004 yalionyesha kwamba majina ya Wazungu yaliitwa kwa simu kwa asilimia 50 zaidi. Sifa zilikuwa zilezile. Na sisi Wakenya, je, jina halisemi mtu anakotoka kabla hajafungua mdomo? Otieno, Wanjiku, Chebet, Wafula, Mwende: nani hajui? Hata vyuo vyenyewe havijasalimika. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume iliyoundwa na sheria hiyo ilipovikagua vyuo vikuu vya umma mwaka 2012, ilikuta vingi vimeajiri kwa wingi watu wa jamii inayovizunguka. Hilo linapaswa kutuuma sisi wa Nyanza sawa na wengine wote. Chuo kinachomwajiri jirani yake kwanza kina kazi ngumu ya kumshawishi mwanafunzi kwamba huko nje atapimwa kwa kazi yake.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Linasema: binadamu ndivyo alivyo, humpenda wa kwao, huwezi kumbadilisha. Nalijibu kwa ushahidi wa hapa hapa Kenya. Mwanauchumi Jonas Hjort alichunguza kampuni moja ya maua ambako wafanyakazi walikuwa katika vikundi vya watu watatu: mmoja akigawa maua, wawili wakiyafunga. Aligundua kwamba mgawaji aliwapelekea maua machache wafungaji wasio wa kabila lake, hata pale ambapo yeye mwenyewe alipoteza pesa kwa kufanya hivyo. Baada ya uchaguzi, vurugu za mwanzoni mwa mwaka 2008 zilipozuka, hali ikawa mbaya zaidi. Mpaka hapa aliyeleta pingamizi anaweza kufurahi. Lakini kampuni ikabadilisha malipo: wafungaji wawili wakawa wanalipwa kwa jumla ya kazi yao pamoja, hivyo mgawaji hakuweza tena kumnenepesha mmoja na kumkondesha mwingine. Upendeleo kati ya mfungaji na mfungaji ukatoweka. Katika miezi ileile, nchi ikiwa bado na majeraha. Watu walikuwa walewale na mioyo ilikuwa ileile; kilichobadilika ni kanuni. Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa tungoje mpaka Wakenya wapendane ndipo mtoto wa Kibuye apate nafasi yake. Kanuni nzuri haihitaji kungoja mapenzi.

Na kuna pingamizi la tatu, la wazazi, nalo nalisikiliza kwa heshima. Mama anasema: wewe unataka mwanangu aende Naivasha au Eldoret, je, unakumbuka mwaka 2008? Tunakumbuka. Mji wa Kisumu uliungua, watu wakafukuzwa hapa kwa sababu ya majina yao, na watu wetu wakafukuzwa kwingine kwa sababu ya majina yao. Hofu hiyo haikuzuka hewani, wala sitamcheka mzazi anayeiona usiku. Ninachoomba ni tuitenganishe hatari na mazoea. Hatari huja wakati fulani na mahali fulani, na mtu anaweza kujipanga: kutazama ratiba ya uchaguzi, kujua mtu wa kumpigia simu, kuwa na akiba ya nauli ya kurudi. Mazoea ndiyo yanayosema, sisi hatufanyi kazi kule, daima, hata katika mwaka wa amani kabisa. Na kumbukeni kuna mama kule Murang'a anayemkataza mwanawe kuja kufanya kazi Kisumu, kwa maneno haya haya. Wote wawili wanawapenda watoto wao. Na wote wawili, kwa kupenda kwao, wanaifanya nchi kuwa ndogo. Ukanda huu una nafasi chache. Kijana anayejifungia hapa ameikata nchi yake kwa mkono wake kabla mtu mwingine hajamkatia.

Wengine husema pia kazi hazipo kwa yeyote, sasa ubaguzi unatoka wapi? Unatoka hapo hapo. Kazi zikiwa nyingi, mwajiri humchukua yeyote anayefaa. Zikiwa chache, ndipo anapokuwa na nafasi ya kuchagua kwa sura na jina.

Basi tufanye nini? Vyuo vyetu vingi vina ofisi ya ushauri wa kazi, na kwa kawaida mwanafunzi huiona karibu na mahafali, anapokwenda kujifunza kuandika wasifu wake. Hapo tumechelewa. Na ushauri mwingi ni wa kutia moyo: jiamini, unaweza. Moyo ni muhimu, sipingi. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba mwanafunzi anayekumbushwa dhana mbaya juu ya watu wake anaweza kufanya mtihani vibaya kuliko uwezo wake. Wengine waliorudia majaribio ya aina hiyo wamepata athari ndogo zaidi, kwa hiyo siitundiki hoja yangu yote kwenye msumari huo. Nasema tu kwamba kumtia mtu moyo kisha kumwacha atafute mjomba ni kumdanganya. Ofisi hiyo ianze naye mwaka wa kwanza, imwambie habari hizi za kipande na mishahara ya rangi, ili ajue dhana inayomtisha ilitengenezwa lini na nani. Zaidi ya yote, chuo chenyewe kitafute nafasi za atachimenti na kuzigawa kwa uwazi: orodha ibandikwe, kampuni ipelekewe alama na ujuzi wa mwanafunzi kabla ya jina lake, na anayekosa nauli asaidiwe. Mhadhiri anapokwenda kumtembelea mwanafunzi kazini akifungue kile kitabu, na akikuta wiki nzima ya kupika chai, aulize papo hapo, kwa sauti ya kusikika. Mwanafunzi anayeishi na ulemavu asiulizwe anaweza kazi gani; aulizwe anahitaji kifaa gani ili aifanye aliyoichagua. Chuo cha Maseno kinafundisha elimu ya mahitaji maalum, hivyo utaalamu wa kuuliza swali hilo tunao nyumbani.

Na ninyi wanafunzi mnaonisikiliza, ijueni sheria, maana imewekwa kwa ajili yenu. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi, wa wazi na wa kificho, kwa sababu ya jinsia, ujauzito, kabila, ulemavu, dini, umri, mavazi, lugha na mengine mengi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, inamlinda hata mtu ambaye bado hajaajiriwa, anayeomba tu kazi, na imetaja pia hali ya virusi vya UKIMWI, jambo ambalo watu wa kanda hii wanajua uzito wake. Kisha ina neno ambalo wengi hawalijui, kwa hiyo nalisema polepole: kesi ya ubaguzi ikifika mahakamani, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 nayo inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi katika kaunti ziende kwa watu wasio wa kabila lenye wengi hapo. Maana yake ni kwamba kijana wa Nyakach ana haki ya kuomba kazi ya kaunti Kericho, na kijana wa Kericho ana haki ya kuomba hapa Kisumu. Je, umewahi kuomba? Nimesema ubaguzi mkubwa hauna mshtakiwa kwa sababu aliyebaguliwa hakuja. Nenda. Omba. Wakikukataa, sasa kuna jambo la kuuliza.

Ukiomba, hifadhi karatasi. Tangazo la kazi lililosema wanaume pekee, lipige picha. Andika tarehe ya usaili na swali uliloulizwa, hasa ukiulizwa utaolewa lini au kwenu ni wapi. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ina ofisi Kisumu, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapa hapa Kisumu, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda basi la Nairobi ili ulalamike.

Neno langu la mwisho nawaletea mafundi wa jua kali wa Kibuye, wenye karakana za useremala na za kuchomelea vyuma, na wenye maduka na ofisi ndogo mjini. Wanafunzi wa vyuo na wa Kisumu National Polytechnic watakuja kwenu na barua zao. Atakapokuja msichana, mpeni kofia ya kuchomelea siku ya kwanza, msimpe ufagio. Atakapokuja kijana mwenye jina la mbali, mpokeeni kama mnavyotaka wenu apokewe huko kwao. Nanyi wazazi, mkirudi nyumbani usiku huu, mpigieni simu yule aliye chuoni. Muulizeni kozi anayosoma ina kazi zipi, na ni ipi kati ya hizo aliyoiacha bila kujaribu. Akitaja moja, mwambieni aiombe kabla ya mwezi huu kwisha.